Pedi Mbili za Tairi Moja: Breki za Nyuma za Golf Yangu Hapa Tanga

Fundi akikufungulia breki za nyuma, mwombe pedi kuukuu kabla hazijatupwa. Zishike mkononi, uzipange zilivyokuwa: ya ndani iliyokaa upande wa pistoni, ile inayosukuma pedi ibane diski, na ya nje. Zikiwa zimelika sawasawa, nunua mpya, funga, nenda zako. Zangu hazikuwa sawa. Ya nje ya tairi la kushoto ilikuwa bado nene, unaweza kuiuza tena. Ya ndani ilikuwa imebaki bati tupu, limekwaruzwa mpaka linang'aa, na pembeni limeungua likawa la buluu. Tairi moja, safari zilezile, dereva yuleyule. Tofauti ile ndiyo iliyokuwa habari yenyewe, na mimi nilikuwa nimeshalipa mara moja bure kabla sijapata mtu wa kunisomea.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf ya mwaka 2001, kizazi cha nne, lililoletwa kutoka Japani, usukani kulia. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishwa mkoa. Kabla ya hapo lilikaa muda mrefu bila kutembea, uani kwake Sahare, bahari iko pua na mdomo. Watu walinicheka: mji mzima unaendesha Toyota, wewe unachukua gari la kuagizia spea Dar. Hawakukosea, lakini bei ilikuwa ya mshahara wa mwalimu.

Sasa, Tanga mjini ni tambarare. Kutoka Mikanjuni hadi shuleni kwangu sikutani na kilima hata kimoja. Handbreki nilikuwa siigusi. Nikifika naacha gari kwenye gia, nashuka. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kitu kisichoguswa, kwenye hewa ya chumvi, hakipumziki. Kinashika kutu.

Ukapatikana msiba Lushoto. Nyumba ya msiba iko ubavuni mwa mlima, magari yamejipanga kwenye mteremko, na mimi nikavuta handbreki kwa nguvu zangu zote, labda kwa mara ya kwanza tangu nilinunue gari lile. Jioni nikaishusha, nikaondoka. Barabara ya Lushoto kwenda Mombo ni kilomita thelathini na ushei za kona tupu, huku mlima, huku bonde, kwa hiyo unakanyaga breki muda wote na huwezi kujua kwamba kuna tairi moja linajikanyagia lenyewe. Nilianza kusikia harufu kabla ya Soni. Nikafikiri ni lori lililo mbele yangu. Lori likasimama, harufu ikabaki.

Nilipoegesha Soni, rimu ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuhitaji kuigusa. Joto lilinijia mguuni. Vijana wawili wakaja mbio na ndoo ya maji, roho nzuri kabisa. Dereva wa lori la mboga akawapigia kelele: "Msimwagie! Chuma kimewaka hivyo ukikipiga maji baridi kinapinda, ama kinapasuka." Akaniambia nisubiri ipoe yenyewe, na wakati huo nisiivute handbreki, niweke mawe kwenye matairi. Nasisitiza hili la mawe. Breki ikiwa ya moto, handbreki ikivutwa inabana pedi kwenye diski iliyowaka, na gari lako ulilolisimamisha lipoe haliwezi kupoa.

Ilipopoa, yule dereva akalala chini ya gari na tochi ya simu, akagonga kitu kwa mpini wa spana, mara tairi likawa jepesi. "Mkono wa handbreki huu haurudi, dada. Shuka na gia ya pili, breki usizing'ang'anie. Ukifika kwenu umwambie fundi." Nikashuka na gia ya pili hadi Mombo, nikanywa chai pale mikono ikitetemeka, kisha Korogwe, Segera, Muheza, na usiku nikafika nyumbani.

Fundi nilimwambia nini? Nilimwambia pedi za nyuma zimeisha. Basi. Maneno ya dereva wa lori yalibaki Soni. Nayasema haya kwa sababu ukienda gereji na jibu badala ya dalili, fundi atakufanyia lile jibu. Mwambie ulichosikia: harufu, tairi lipi, lilikuwa la moto kuliko mengine au yote sawa, ulikuwa umevuta handbreki au hukuvuta. Uamuzi wa kitu gani kimekufa mwachie yeye.

Gereji ilikuwa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Pedi nilinunua mwenyewe Sh 45,000, ufundi Sh 15,000. Kijana alikuwa na kasi na adabu. Alitoa kalipa, yaani kile chuma kinachokaa juu ya diski na kubeba pistoni, akachukua klampu ya seremala kusukuma pistoni irudi ndani, maana pedi mpya ni nene na haziingii mpaka pistoni irudi. Pistoni ikagoma. Akaongeza nguvu. Ikagoma. Akafungua skrubu ya kutolea upepo ili kupunguza shinikizo la mafuta, akakaza klampu tena, ikasogea kidogo sana, ikasimama. Hapo akafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni ubingwa: alichukua pedi zangu mpya akazipeleka kwenye grenda, akazipunguza unene hadi zikaingia. Vumbi jeusi lilijaa kibanda kizima. Akafunga, akakanyaga breki, akajaribu handbreki, akaona inashika juu kabisa. Akaikaza waya. "Tayari, mama."

Kila hatua pale ilikuwa na sababu yake, na kila hatua ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Kijana yule simlaumu sana. Magari mengi anayoyashika ni Toyota zenye dramu nyuma, yaani breki za ngoma zisizo na diski wala kalipa. Na hata zile zenye diski nyuma, kama Mark II, handbreki yake ni viatu vidogo vilivyofichwa ndani ya kitovu cha diski. Kalipa haihusiki na handbreki hata kidogo, kwa hiyo pistoni unaisukuma moja kwa moja na klampu inarudi bila maneno. Subaru Forester za zamani nazo ziko hivyo. Golf ya kizazi cha nne haiko hivyo. Handbreki yake iko ndani ya kalipa ileile. Nyuma ya pistoni kuna parafujo inayojirekebisha kadiri pedi zinavyolika, ili handbreki isilegee. Kwa sababu ya parafujo hiyo, pistoni hairudi kwa kusukumwa tu. Inarudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa, kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Ukiibana kwa nguvu unaiumiza ile parafujo, na ukishaiumiza hakuna pedi duniani itakayokutengenezea handbreki.

Namna ya kutambua ni rahisi, hata wewe usiye fundi unaweza. Chungulia nyuma ya kalipa ya tairi la nyuma. Ukiona waya wa handbreki umekuja kushika mkono mdogo wenye springi uliopachikwa kwenye kalipa, basi pistoni yako ni ya kuzungusha, au angalau uulize kabla mtu hajaleta klampu. Kalipa ikitolewa, tazama uso wa pistoni: ukiwa na vishimo viwili au msalaba wa kuingizia kifaa, ni ya kuzungusha. Ukiwa mduara mtupu wenye tundu pana katikati, mara nyingi ni ya kusukuma.

Pedi zile ndizo hasa zilizokuwa za Kitanga, waja leo waondoka leo. Muhula haukuisha nikaanza kusikia chuma kinasaga chuma, kushoto, nyuma, hasa nikirudi rivasi kutoka getini. Nilikuwa na hasira, na zaidi nilikuwa na aibu, maana nilishawatambia wenzangu ofisini kwamba gari nimelimaliza. Safari hii sikurudi gereji. Nilikwenda kwa mjomba wangu, Chumbageni. Mjomba alifanya kazi karakana ya reli hadi alipostaafu. Magari madogo si fani yake, lakini ni mtu ambaye hafungui kitu kabla hajakitazama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hilo ndilo linalolia? Nimelisikia tangu kona."

Alinituma kwanza nikatafute vitu, na hapa niwape orodha yake kwa mdomo kama alivyonipa: jeki, ndiyo, lakini na stendi mbili za chuma, maana jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Mawe makubwa. Spana namba 13, na namba 15 iliyo nyembamba. Alenki ya milimita 8. Brashi ya waya. Kipande cha waya wa kuanikia. Bomba la sindano kubwa kutoka duka la dawa. Chupa ya mafuta ya breki, DOT 4, ambayo haijafunguliwa. Grisi ya breki, ile ya silikoni inayouzwa kwa vipakiti vidogo. Nikamwambia nyumbani nina kopo zima la grisi nyekundu. Akasema hiyo kapake kwenye bawaba za geti. Grisi ya kawaida ikigusa raba za pini za kalipa zinavimba, na pini iliyovimbiwa ni pini iliyokwama.

Kifaa cha kuzungushia pistoni hatukuwa nacho. Tulikodi kwa fundi mmoja anayetengeneza magari ya Kijerumani, Sh 5,000 kwa siku na kitambulisho nikaacha. Ukikikosa, koleo yenye midomo mirefu inaingia kwenye vile vishimo na kazi inafanyika, ila inataka subira na mkono wa pili wa kusukumia.

Kazi tuliifanyia uani kwake, kwenye sakafu ya saruji. Jambo la kwanza ambalo wengi wanalipitia juu juu: breki za nyuma unazifungua handbreki ikiwa imeshushwa. Lazima ishuke, la sivyo mkono wa kalipa uko vitani. Maana yake ni kwamba gari linanyanyuliwa nyuma huku breki pekee ya kulishikilia umeiachia wewe mwenyewe. Kwa hiyo mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gari kwenye gia (Golf inavutwa na matairi ya mbele, kwa hiyo gia inasaidia), sakafu iliyonyooka, na watoto waende wakacheze kwa jirani. Bolti za tairi zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Na gari hili halina nati. Lina bolti zinazoingia kwenye habu, kile kitovu cha kushikia tairi, kwa hiyo tairi halina mahali pa kuning'inia. Ukitoa bolti ya mwisho linakuangukia mguuni.

Alitaka upande wa kulia ubaki umefungwa kwanza. "Tukisahau kitu kilivyokaa, tutakwenda kutazama kule." Mimi nilipiga picha na simu pia, na picha hizo zilikuja kunifaa kuliko nilivyodhani.

Kalipa ikatoka: spana 15 ikishikilia pini isizunguke, 13 ikifungua bolti. Akaitundika kwa waya kwenye springi. Kalipa haiachwi ikaning'inia kwa paipu yake ya raba; paipu inachanika kwa ndani na huioni mpaka siku breki zitakapokukana. Ndipo akachukua zile pedi mbili, akakaa kwenye kigoda, akazitazama kwa muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kuangalia saa.

"Ya ndani imekwisha, ya nje nzima," akasema. "Hapa mambo ni matatu. Pistoni hairudi. Au huu mkono wa handbreki haurudi, ukaing'ang'aniza pistoni. Au hizi pini ambazo kalipa inatelezea zimekamata, pistoni inaisukuma pedi ya ndani peke yake, ya nje imekuwa mwali, haitoki wala haifanyi kazi. Pedi ingeisha mshazari, nene huku nyembamba kule, ningesema imekwama kwenye fremu yake, hiki chuma inachokalia, au pini moja imegoma. Haikuisha mshazari. Tujaribu moja moja."

Tukajaribu kwa mkono, na hiki ndicho kipimo ambacho gereji ya kwanza haikukifanya ingawa hakina gharama. Pini ya juu ilitoka kwa kidole, kavu lakini nzima. Ya chini ilitoka kwa kupigwa, ina kutu ya rangi ya kahawia hadi katikati. Tukaisafisha kwa msasa laini, tukaisuuza, tukaipaka grisi ya silikoni, ikateleza. Halafu mkono wa handbreki: tukaulegeza waya, tukausukuma mkono kwa bisibisi. Ulikwenda. Tukauachia. Haukurudi. Ulitakiwa ujirudie wenyewe kwa springi hadi ugonge kizuizi chake, kama wa kulia ulivyofanya tulipokwenda kuutazama. Wa kushoto ulisimama katikati, pale ulipoachwa.

Na waya ulikuwa umekazwa mno. Ile "tayari, mama" ya Ngamiani ndiyo hiyo. Handbreki ililegea kwa sababu parafujo ya ndani ilikuwa imeumia. Badala ya kuuliza kwa nini imelegea, waya ukakazwa. Waya uliokazwa ukauzuia mkono usifike kwenye kizuizi hata kama ungetaka. Mkono usiofika kwenye kizuizi unaiacha pedi ikigusa diski mchana na usiku. Pedi ya ndani, ambayo grenda ilishaipunguza, ikaliwa mpaka bati. Nilikuwa naendesha gari huku handbreki imevutwa kidogo muda wote huo, na nikishangaa mafuta yanakwisha haraka.

Mjomba alijaribu kuuokoa ule mkono. Mafuta ya kulainisha kutu, tukauchezesha huku na huku, tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi, tukauchezesha tena. Ulianza kurudi, lakini kwa uvivu. Pistoni nayo, kwa kifaa cha kuzungushia, ilizunguka robo ikakwama, ikaruka, ikakwama. Akaniangalia. "Mimi ningekuwa na gari hili ningelipeleka Lushoto na kalipa hii? Nisingelipeleka."

Kwa hiyo kalipa mpya, yaani mtumba. Tanga sikuipata. Nikapiga simu Gerezani, Kariakoo, wakasema ipo, Sh 110,000, ikatumwa kwa basi. Nikaenda kuipokea stendi ya Kange, nikafungua boksi palepale: wameleta ya kulia. Ukiitazama juu juu zote zinafanana. Nilijuaje? Picha. Skrubu ya kutolea upepo lazima ikae juu, kwa sababu upepo hupanda juu; kalipa ya upande usio wake ukiifunga, skrubu inatazama chini, na utakanyaga breki wiki nzima upepo hautoki wote. Nikawatumia picha ya kalipa yangu ikiwa imefungwa garini, wakabadilisha, nauli ya mzigo ya kurudisha nikalipa mimi. Ukiagiza spea ya upande, usitume neno "kushoto" peke yake. Kuna anayehesabu kushoto akiwa amekaa kwenye usukani na kuna anayehesabu akiwa amesimama mbele ya gari. Tuma picha.

Pedi mpya, za pande zote mbili, Sh 60,000 safari hii. Breki za ekseli moja zinabadilishwa kwa pamoja, kulia na kushoto, hata kama upande mmoja bado una pedi nzuri, la sivyo gari litavuta upande. Muuzaji aliniruhusu kuzilinganisha na kuukuu juu ya meza: unene wa bati, umbo, na yale masikio mawili yanayokaa kwenye fremu. Asiyeruhusu kulinganisha usinunue kwake. Nyumbani masikio yalikuwa yamebana kidogo kwa sababu ya rangi nzito. Mjomba akaikwangua ile rangi kwa tupa, masikioni tu. Uso wa pedi haukuguswa. Na fremu ilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, maana hapa kwetu kutu hujaa kwenye zile njia za masikio na pedi mpya ikilazimishwa humo inabanwa tangu siku ya kwanza. Vumbi hatukulipuliza kwa mdomo wala kwa kompresa. Tulililowesha kwa maji na kulifuta kwa kitambaa. Pedi za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, na hata zisizo nayo si vumbi la kupeleka mapafuni. Kila nikikumbuka kile kibanda cha grenda nakohoa.

Diski zilipimwa kwa venia, kile kipimo cha unene. Za nyuma za gari hili zikiwa mpya zina unene wa milimita 9, na mwisho wa kutumika ni 7. Ya kushoto ilikuwa na mifereji ile iliyochimbwa na bati, lakini unene ulikuwa juu ya 8, tukaipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma akaisawazisha kidogo, Sh 10,000. Ingekuwa karibu na 7 tungenunua mpya mbili bila mjadala.

Kabla ya kurudisha pistoni ya kulia, tulifungua kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti na kunyonya kiasi kwa bomba la sindano. Pistoni ikirudi ndani inasukuma mafuta kurudi juu, na kikopo kikifurika yale mafuta yanakula rangi ya gari. Yakimwagika, maji mengi mara moja. Mafuta tuliyonyonya yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na Tanga unyevu ndio hewa yenyewe. Hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na ile chupa iliyofunguliwa inayokaa rafuni gereji miezi na miezi usikubali uwekewe.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, na mimi nilikuwa mguu. "Kanyaga. Shikilia. Shikiliaaa. Achia." Siri yake ni moja: usiachie pedali kabla aliye chini hajafunga skrubu, la sivyo upepo unaingia pale ulipotokea. Na kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Halafu pedali ikakanyagwa pole pole mara nyingi, gari likiwa bado juu ya stendi, mpaka ikawa ngumu. Usisahau hili hata kama umebadilisha pedi tu bila kutoa upepo. Pistoni imerudi ndani kabisa. Ukanyagaji wa kwanza unakwenda hadi sakafuni na hausimamishi kitu. Wapo waliotoka uani rivasi wakaenda kumalizia kwenye ukuta wa jirani. Waya wa handbreki ulikuja mwisho, baada ya pedali kuwa ngumu: ulikazwa hadi ulegevu ukaisha, tukahakikisha mikono yote miwili ya kalipa inagusa vizuizi vyake handbreki ikiwa imeshuka. Tukazungusha matairi kwa mkono. Yalikwaruza kidogo sana na kuendelea kuzunguka. Bolti za kalipa zilifungwa kwa Nm 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), za fremu 65, za tairi 120. Spana ya kupimia aliazima kwa rafiki yake wa zamani wa karakana, na aliirudisha jioni ileile akiwa ameifuta.

Tulilijaribu barabara ya Raskazone, asubuhi, watu wachache. Kutoka mwendo wa 50 hivi unapunguza taratibu hadi 10, bila kusimama kabisa, unaachia, unaenda kidogo zipoe, unarudia. Pedi mpya inahitaji kujifunza uso wa diski. Kisha tukasimama, mjomba akashuka na kusogeza kiganja karibu na kila rimu. Za nyuma zote mbili zilikuwa na joto moja. Kipimo hicho nakifanya hadi leo nikitoka safari ndefu. Sekunde chache, bure.

Jumla ya mara ya pili, ukiweka kalipa, pedi, mafuta, diski, kifaa cha kukodi na nauli za boksi kwenda na kurudi, ilifika karibu Sh 220,000. Ongeza Sh 60,000 za mara ya kwanza ambazo hazikununua chochote. Mjomba hakutaka pesa. Alitaka nimpeleke Pangani kumwona dada yake, na tulikwenda.

Sasa handbreki naivuta kila ninapoegesha, hata getini kwangu penye sakafu kama meza. Kalipa ya kulia bado ni ileile iliyokaa Sahare. Mkono wake unarudi na pini zake zilipakwa grisi siku ileile, lakini raba moja ya pini ina ufa mdogo. Raba mpya nimeshaziagiza, kwa picha, na tutaifungua kabla ya masika.